Ndevu za Tenga

Wenzangu tuliokulia Bagamoyo wakati bendera ya Uhuru ingali mpya, najua hamjausahau uvundo wa nguo za masika. Nguo zilifuliwa asubuhi kwa sabuni ya mche, nyeupe zikatiwa buluu, shuka zikakamuliwa na watu wawili, mmoja kashika ncha hii na mwingine ncha ile, wakazungusha mpaka tone la mwisho. Ukishaanika, ukakaa kitako unywe chai, wingu limekwishafika kutoka upande wa Mbegani. Hapo mtaa mzima ungewasikia wanawake wakiitana kuanua, na sisi watoto tuliokuwa katikati ya rede au kombolela tukaacha mchezo, kila mmoja akaikimbilia kamba ya kwao. Siku moja ya masika tulianika na kuanua mara nne au tano, na jua lilipokuchwa nguo zilikuwa mbichi vilevile, ila zimechoka zaidi.

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, ya zamani, na kuta zake zilitoka jasho tangu mwezi wa tatu mpaka wa tano. Nguo ukiitundika ndani siku mbili inaota koga. Na sare ya shule ilikuwa moja tu. Uliivua ukirudi shule, ikafuliwa, na kesho yake ulitakiwa uivae. Nakumbuka tulivyokaa darasani siku za mvua, watoto arobaini tunafuka mvuke kama sufuria la mihogo, mwalimu anafungua madirisha kisha anayafunga tena kwa sababu mvua inalowesha madaftari. Wajukuu zangu wana sare tatu tatu, na bado asubuhi nasikia kelele kwamba hakuna nguo safi.

Kwetu tulipata nafuu, kwa sababu tulikuwa na tenga la Shangazi Zuhura. Shangazi alikuwa dada yake Baba. Aliolewa Pangani, akakaa miaka sita, hakujaliwa mtoto, akaachwa, akarudi nyumbani kwa kaka yake na sanduku moja na tenga hilo. Lilikuwa kubwa, la fito nyembamba zilizosukwa kwa nafasi, nasi tukiwa wadogo tuliweza kuingia ndani yake watatu tukicheza kuku. Alilifudikiza juu ya seredani yenye makaa, akatandaza nguo mbichi juu yake, akakaa pembeni na kuzigeuza mpaka zikauke. Mwishoni alidondosha kipande cha udi kwenye makaa, na sare yangu ikaenda shule inanukia kama bibi harusi.

Kazi hiyo aliifanya kwa heshima ya moto. Aliwasha seredani nje, akangoja mkaa ushike wote na uache kutoa moshi, kisha akaufunika kwa majivu ili usirushe cheche. Mkaa wetu ulitoka Fukayosi, na Shangazi alisema ni mkaa mtulivu, lakini hata hivyo hakuuamini. Ndoo ya maji ilikaa karibu naye daima. Akitaka kuondoka, hata kwenda msalani, aliiondoa kwanza seredani chini ya tenga. Nilimwona mara nyingi akiacha hodi ibishwe mlangoni mpaka amalize kuitoa.

Sasa, nguo mbichi ikikaukia juu ya fito huacha vitu. Huacha nyuzi, vumbi la pamba, manyoya ya blanketi, na kama ni foronya huacha sufi iliyopenya kwenye mishono ya mto. Vyote hivyo vilikwenda kushika upande wa ndani wa tenga, vikaning'inia, vyeupe na laini, mahali ambapo mtu aliyekaa nje hawezi kuviona. Shangazi aliviita ndevu. Alikuwa akisema, tenga limeota ndevu, na kazi ya kuzitoa aliiita kunyoa. Kwetu hakuna aliyesema kusafisha tenga. Tenga lilinyolewa.

Kinyozi nilikuwa mimi. Shangazi alinipa kazi hiyo nilipotimiza miaka minane, akanikabidhi na kitana cha mti kilichong'oka meno mawili, na tangu hapo hakuniita tena kwa jina langu. Alikuwa akiita tu, "Kinyozi wangu yuko wapi?" nami nikaitika kwa majivuno. Nilinyoa kila Alhamisi, na kila baada ya blanketi au foronya. Kwanza seredani iwe imezimwa, imepoa, majivu yamemwagwa. Kisha nalitoa tenga uani penye mwanga, nalilaza ubavu, naingiza kichwa ndani na kuchana kutoka kitakoni kuja mdomoni. Baada ya kitana napitisha kumbi la nazi, na baada ya kumbi napitisha kiganja kwenye kila ufito, maana jicho hudanganyika na kiganja hakidanganyiki. Ndevu zilizotoka nazifinyanga donge, nalilowesha maji, nalifukia chini ya mgomba. Kuzitupa jikoni ilikuwa marufuku, hata kama jiko lenyewe ni la kupikia.

Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini marufuku. Alichukua ndevu chache, kiasi cha kujaza kijiko cha chai, akaziweka sakafuni, akaleta kaa moja kwa koleo. Kaa halijazigusa sawasawa, ndevu zimekwisha. Hapakubaki hata jivu la kuonyesha.

"Umeona?" akasema. "Hizi hazimsubiri mtu."

Kitu kingine mnachopaswa kukijua kuhusu Shangazi ni watoto wachanga. Mtaa mzima ulimwachia watoto. Mama akienda shamba, akienda hospitali, akiwa na msiba Kaole, mtoto analetwa kwa Zuhura. Kuna siku nilikuta wanne wamelazwa mkekani wamepangwa kwa urefu. Alikijua kilio cha njaa, cha tumbo, na kile cha mtoto anayetaka tu kubebwa, na hakuwahi kukosea. Mama yangu alimwambia mara moja kwamba Mungu hakumpa wake kwa sababu alimwona ana kazi nyingi ya wa wenzake. Shangazi alicheka, lakini usiku ule hakula.

Mwaka ninaousimulia, Idd ya kuchinja iliangukia katikati ya masika. Kwa mara ya kwanza Baba aliazimia kuchinja mwenyewe, na mbuzi akaja kwa lori kutoka Chalinze, dume jeupe lenye kiburi, likafungwa uani, na siku hiyohiyo likatafuna pindo la kanga ya Mama. Mwezi wa Mfungo Tatu ulipoandama Baba alitukusanya. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akisema jambo la dini alikuwa akisimama.

"Kuanzia leo," akasema, "humu ndani hapana kunyoa wala kukata kucha mpaka mbuzi achinjwe."

Kila mtu mzima aliyekuwapo alielewa kwamba anasema nywele na kucha za watu. Hiyo ndiyo suna kwa mwenye kuazimia kuchinja, na Baba aliitanua ikaingia nyumba nzima. Lakini katika nyumba ile mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa kinyozi. Neno kunyoa lilikuwa langu. Niliposikia hapana kunyoa nilijua kabisa kwamba naambiwa mimi.

Alhamisi ya kwanza nilikichukua kitana, nikakitazama, nikakirudisha penye tundu la ukuta. Nilijisikia mtu mzima anayefunga. Siwezi kudai ilikuwa ibada tupu, maana kuingiza kichwa ndani ya tenga kulinikereketa koo, na siku kumi za mapumziko nilizipokea kwa mikono miwili. Sikumuuliza mtu. Shangazi naye hakuniuliza, kwa sababu tangu anipe kazi ile sikuwahi kumwangusha.

Na siku zile kumi ndizo tenga lilipofanya kazi kuliko mwezi mzima. Nani asiyekumbuka nyumba inavyogeuzwa kabla ya Idd? Mapazia yalishushwa, mito ikafumuliwa, sufi ikachambuliwa na kurudishwa, foronya zikafuliwa, mablanketi yakafuliwa, na mvua haikukatika. Kila kitu kilipita juu ya tenga. Siku ya nane niliinama nikachungulia ndani. Ndevu zilikuwa zimeshuka urefu wa kidole, zinatikisika kwa joto. Nikahesabu siku zilizobaki, nikaenda zangu kucheza.

Ilikuwa siku ya Arafa, baada ya adhuhuri. Shangazi amefunga. Mama yuko jikoni anatwanga bizari, Baba yuko msikitini. Mimi nimekaa kizingitini na ungo wa mchele wa pilau, nachagua chuya na vijiwe. Chini ya upenu wa mabati, tenga liko kwenye seredani, na juu yake kanzu ya Baba ya Idd na magauni yetu mapya mimi na dada yangu. Hatua tatu kutoka hapo, mdogo wetu Saidi, mwenye miezi saba, amelala mkekani. Shangazi amekaa kwenye kigoda kati ya tenga na mtoto, tasbihi mkononi. Alikuwa anavuta uradi, macho ameyafumba na midomo inakwenda. Punje moja ya tasbihi ilipita, ikaja nyingine. Nilimtazama kwa muda, kwa sababu nilikuwa nimechoka kutazama mchele.

Sikuona cheche. Niliona mwanga ukipita ndani ya kanzu ya Baba kutoka chini kwenda juu, kisha kanzu yote ikawa njano. Kabla sijafungua mdomo Shangazi alikuwa amesimama. Alikuwa na ndoo moja na moto mahali pawili, maana kipande cha nguo kilikuwa kimeruka na kuangukia ukingo wa mkeka wa Saidi. Maji aliyamwaga mkekani. Tenga akalikamata kwa mikono yake mitupu, linawaka, akalitupa uani kwenye mvua, na gauni langu likabaki limemgandia kiganja cha kulia. Hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni mimi, na baadaye Saidi.

Majirani walijaa. Walichokiona ni kanzu iliyoungua, mkeka ulioungua, mtoto aliyelowa chepechepe anayelia, na mwanamke aliyepiga magoti na mkono ameuficha ndani ya kanga. Saidi hakuwa na alama hata moja. Mwanamke wa nyumba ya pili ndiye aliyetangulia kulisema, akasema saumu imemchukua, kasinzia huyu. Likazunguka uani, na Baba alipoingia lilikuwa limekwishakuwa habari.

Baba alimtazama mtoto kwanza, akamgeuza huku na huku. Kisha akamkabili dada yake.

"Zuhura, ulisinzia?"

Shangazi alikuwa amefunga siku ya Arafa, na hakuwa mtu wa kuapia jambo asilo na yakini nalo. Alifikiri. Alifikiri kweli, niliona.

"Sijui, kaka," akasema. "Nilikuwa nimefumba macho."

Ndipo Baba akanigeukia mimi. Akasema nilikuwa pale, niseme, alisinzia au hakusinzia. Uani kulikuwa na watu kiasi cha ishirini, na wote wakanitazama. Nilikuwa najua jibu. Niliiona midomo, niliziona punje zikipita. Lakini nilihofu kwamba nikisema hakusinzia, swali litakalofuata ni moto umetoka wapi, na mbali huko ndani ya moyo nilikwishaanza kuzikumbuka ndevu.

"Alikuwa kafumba macho," nikasema.

Maneno yale yalikuwa ya kweli. Nimeyarudia kichwani miaka yote hii, na kila nikiyarudia nayakuta ya kweli, na kila mara naona haya.

Siku ya Idd mvua ilitulia. Baba aliswali na kanzu kuukuu. Mbuzi akachinjwa, nyama ikagawanywa kwa majirani, pilau ikapikwa, na sisi watoto tukazunguka nyumba hadi nyumba kupewa visheti na mkate wa kumimina. Lakini kabla ya kutoka nilifanya jambo moja. Damu ya mbuzi ilipokwisha kufukiwa, nilikwenda kwenye tundu la ukuta, nikakichukua kitana, nikaenda uani. Sasa ilikuwa ruhusa kunyoa. Tenga lilikuwa limetupwa chini ya mgomba, nusu fito nyeusi, nusu nzima, na upande ule mzima ndevu zilikuwa bado zimening'inia, zimeloana. Mama alinikuta nimechuchumaa pale. Akauliza nafanya nini na kitana. Nikasema nataka kulinyoa tenga, sasa mbuzi amekwishachinjwa.

Mama hakunielewa. Alisema tenga limeungua, la kunyoa ni lipi tena, na akaniambia niende nikavae. Ila mimi masikio yangu yaliyasikia maneno yangu mwenyewe, na pale ndipo nilipotambua kwamba Baba hakuwa akisema habari za matenga. Nilizing'oa zile ndevu kwa vidole, zote, nikazifukia. Kwa hiyo ushahidi nao niliufukia mimi.

Mkono wa Shangazi ulipona baada ya miezi miwili, vidole viwili vimejikunja na havikukunjuka tena. Hilo hakulilalamikia. Ila mtoto hakuletwa. Wiki ya kwanza tulidhani ni kwa ajili ya kidonda. Mwezi ukapita, kidonda kikafunga, na akina mama wa mtaani wakawa wanapita mlangoni kwetu na watoto mgongoni, wanasalimia vizuri, wanaendelea na safari. Mama yangu mwenyewe, aliyempenda, akitaka kutoka alimbeba Saidi hata kwa safari ya sokoni. Mkeka wa watoto ulikunjwa ukasimamishwa kwenye pembe ya ukumbi. Shangazi alikuwa akifagia pembeni yake bila kuusogeza.

Na mtaa ukampa jina. Nyinyi wenzangu mnalijua. Bi Lepe. Tuliliimba kwenye kuruka kamba, kwamba Bi Lepe kalala, mkeka umewaka. Nasema tuliliimba kwa sababu na mimi nilikuwemo, nilishika ncha moja ya kamba. Alipita mara moja kutoka kisimani tukiimba. Hakutukemea. Alisimama kidogo, akabadilisha mkono wa ndoo, akaenda.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho watoto walikicheka. Tangu siku ile Shangazi hakufumba macho tena akivuta uradi. Alikaa ameyakodoa, anatazama ukuta, hata machozi yakimtoka kwa kukauka. Wengine walidhani ni utu uzima unamjia mapema. Mimi nilijua anajilinda dhidi ya usingizi ambao haukuwahi kumshika.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Mtoto wa miaka tisa alihofu fimbo. Wa kumi na tano aliona litamvunjia heshima. Nilipoolewa nikajiambia limekwisha, la nini kulifukua. Baba akafariki akiamini dada yake alisinzia, akiwa amemsamehe kwa jambo ambalo hakulifanya. Halafu Mama. Kila aliyekufa aliifanya kazi ya kusema kuwa nyepesi kwa sababu shahidi amepungua, na ngumu zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Miaka michache iliyopita binti yangu aliyekaa Maskati alirudi, na katika mizigo yake mlikuwa na mashine ya kukaushia nguo. Nguo zinaingia mbichi, zinazungushwa kwenye joto, zinatoka zimekauka kabisa. Iliwekwa chumba cha uani, na masika hayo niliona maajabu, mvua inanyesha na shuka zinatoka kavu, zina joto. Binti alinionyesha chujio lake, kitu cha wavu kinachochomolewa mlangoni. Nilipokichomoa nilikaa kitako. Zilikuwa ndevu. Zilezile, nyeupe, laini, zimejipanga kama zilivyokuwa zikijipanga kwenye tenga. Akaniambia zisipotolewa mashine inaweza kuwaka moto, nikamwambia najua. Tangu siku hiyo kazi ile ni yangu. Kila baada ya mzigo mmoja wa nguo nachomoa waya ukutani, nangoja mashine ipoe, natoa chujio, napitisha kiganja kila mahali, na kila mwezi mkwe wangu anaisogeza nisafishe na bomba la nyuma linalotoa joto nje. Vijana wananiambia natia chumvi, mashine ina taa ya kukumbusha. Nawaacha na taa yao.

Shangazi Zuhura alikuwa hai bado, karibu miaka themanini, nimemchukua akae kwangu. Mchana mmoja wa mvua alikuwa kwenye kiti pale chumba cha uani, kwa sababu alilipenda joto la mashine. Tasbihi ilikuwa mkononi, macho yamekodoka ukutani. Mimi nilikuwa nimeinama na chujio. Akageuka, akanitazama mikono.

"Unanyoa?" akasema.

Hakuwa amelitamka neno hilo kwa zaidi ya miaka hamsini. Nilikaa chini sakafuni, miguuni pake, nikamwambia yote. Nilimweleza amri ya Baba na nilivyoisikia, kitana nilichokirudisha, siku ya nane nilipochungulia, na nilichomjibu Baba mbele ya watu. Nilipofika kwenye kitana siku ya Idd, kwamba nilikwenda kunyoa kwa kuwa mbuzi amekwishachinjwa, mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kidogo cha ndani, akasema kumbe kinyozi wangu alikuwa anafunga. Kisha kicheko kikakatika.

"Kwa hiyo sikulala," akasema.

"Hukulala, Shangazi. Midomo yako ilikuwa inakwenda."

"Uliiona?"

"Niliiona."

Mvua ya juu ya bati ilikuwa inapungua. Akaniambia kwamba la ndevu hana neno nalo, nilitii nilichosikia, na mtoto kazi yake ni kutii. Ila akaniambia kwamba kila Arafa tangu mwaka ule alijiuliza kama kweli alilala akamwacha mtoto wa kaka yake motoni, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza isipokuwa mimi, na Baba alikuwa amekwishaniuliza kwa niaba yake. Alisema hayo taratibu, bila hasira. Ingekuwa hasira ningeibeba kwa urahisi zaidi. Nikambusu mkono, ule wa vidole vilivyojikunja, nikamwomba radhi. Akasema amenipa. Kisha akaegemea kiti, akaishika tasbihi yake, akafumba macho.

Idd iliyofuata niliwakusanya nyumbani, nikasema mbele ya wote. Saidi alikuja kutoka Tanga, mzee mwenye ndevu za mvi, akaenda moja kwa moja kukaa chini kando ya kiti cha Shangazi, na hakuondoka hapo mpaka chakula. Vijana walicheka sana habari ya tenga kunyolewa, wakataka niwaonyeshe lilivyokuwa, nikawachorea. Baadaye wakarudi kwenye simu zao. Hawana kosa. Jina la Bi Lepe hawakuwahi kulisikia, na kwao nilikuwa nimemsafisha mtu ambaye hakuwa na doa. Waliomtia doa walikuwa makaburini, au wametawanyika Dar, Tanga, Unguja, au ni nyinyi mnaosoma hapa. Shangazi alifariki mwaka uliofuata.

Siku hizi nguo zinakaukia ndani ya chuma, na anayesahau ndevu anakumbushwa na taa. Hakuna shangazi anayekaa kwenye kigoda mchana kutwa akiilinda sare ya mtoto asiye wake, wala mama anayemwachia jirani mtoto mchanga na kwenda shamba roho yake imetulia. Mashine yangu ni nzuri, siikatai. Ila wakati ule moto wa nyumba ulikabidhiwa mtu, na mtu yule alikuwa na jina, na jina likiharibiwa halikuwa na fundi. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi, si wajukuu. Mlioshika kamba pamoja nami, mlioruka na mlioimba, mkikutana na mwenzenu anayelikumbuka lile jina, mwambieni tulikosea. Bi Zuhura hakusinzia. Alikuwa anamtaja Mola wake, na midomo yake ilikuwa inakwenda. Niliiona.